Kumpandisha Wapiti Kwenye Treni Ndiyo Iliyokuwa Kazi Nyepesi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya askari wa wanyamapori, maafisa mifugo na wanafunzi. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Mwenyekiti, walimu wetu, askari mliotoka zamu alfajiri na bado mkaja, wanafunzi mliobanana pale nyuma: habari za asubuhi. Asanteni kwa kufika.

Mada ni kuhamisha wanyamapori. Najua mkilisikia neno hilo mnawaza helikopta, bunduki ya dawa ya usingizi na lori lenye winchi. Naomba kwa saa hii moja mviweke kando vyote hivyo. Twende Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita, dawa ya usingizi ya kumpiga mnyama kwa mbali ikiwa haijabuniwa na kola ya redio haijafikiriwa. Walikuwa na nini? Walikuwa na farasi, kamba, mbao, majani makavu na behewa la ng'ombe. Basi. Kwa vitu hivyo walimhamisha mnyama mwenye uzito wa ng'ombe, arukaye uzio wa zaidi ya mita 2, wakampeleka zaidi ya kilomita 3,000.

Mnyama mwenyewe ni wapiti. Jina limetoka katika lugha ya Washawnee, wenyeji wa Marekani, na maana yake ni makalio meupe. Halina undugu na kupita, ingawa mtakavyoona, kupita amepita sana. Si kulungu wa kwetu wala pofu, msimchanganye: ni jamaa mkubwa wa paa wa nchi za baridi, mwenye pembe za matawi. Dume la milimani hufika kilo 300 na zaidi, jike kilo 200 na kitu. Pembe anazo dume peke yake, na huanguka kila mwaka mwishoni mwa majira ya baridi, kisha zikaota nyingine. Hupandana Septemba, jike hubeba mimba miezi 8 na siku kadhaa, huzaa ndama mmoja mwishoni mwa Mei au Juni. Zishikeni tarehe hizo. Zitatudai baadaye.

Swali la kwanza: kwa nini ahamishwe?

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kabla ya Wazungu kuenea Amerika Kaskazini walikuwapo wapiti kama milioni 10. Karne ya 20 ilipoanza, hawakufika 100,000. Wa mashariki walikwisha kabisa, wakapotea kama jamii ndogo nzima. Nyama ilikwenda kambini, ngozi ikaenda viwandani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo ninyi, watu mnaozijua habari za pembe za ndovu, mtalielewa upesi kuliko hadhira yoyote. Wapiti ana meno mawili ya juu, mafupi, ya mviringo, yaliyo kama pembe ya ndovu hasa. Kulikuwa na chama cha udugu kilichojiita Elks, jina la mnyama huyuhuyu kwa Kiingereza, na wanachama wake walipenda kuning'iniza jino la wapiti kwenye mnyororo wa saa ya mfukoni. Soko likazaliwa. Wakatokea majangili wa meno: mnyama wa kilo 300 anaangushwa, anang'olewa meno mawili yanayoenea katika kiganja, mzoga unaachwa kwenye theluji. Baadaye chama chenyewe kilijitenga na biashara hiyo. Msikisahau chama hiki, kitarudi.

Waliobaki wengi walikuwa mahali pamoja: Yellowstone, hifadhi ya taifa tangu 1872, na bonde la Jackson Hole kusini mwake, jimbo la Wyoming. Sasa fikirini jiografia. Kiangazi wapiti yuko juu milimani. Theluji ikianguka hushuka bondeni, ambako majani hufikika. Lakini bondeni wamekwishaingia wafugaji, wamezungushia seng'enge, wanakata majani ya kulisha ng'ombe wao. Mnyama anashuka kama mababu zake walivyoshuka, anakuta shamba la mtu.

Kati ya 1908 na 1911 majira ya baridi yalikuwa makali. Wapiti walikufa kwa maelfu. Wakazi walisimulia kwamba ungeweza kutembea mwendo mrefu juu ya mizoga bila kukanyaga ardhi. Mkazi mmoja, Stephen Leek, aliyekuwa mwongoza wawindaji, alikuwa na kamera. Alipiga picha za wapiti wakifa kwa njaa kwenye uzio wa majani, akazunguka mijini akizionyesha ukutani kwa taa. Naam, kama tulivyofanya hapa leo. Mwaka 1911 Bunge la Marekani likatoa dola 20,000 za kuwalisha wapiti na kuwahamishia baadhi yao kwingine. Tarehe 10 Agosti 1912 likatoa dola 45,000 za kununua ardhi, na ndipo ilipozaliwa hifadhi ya wapiti ya Jackson Hole.

Mnaiona hesabu ilivyojipanga? Huku wamezidi wanakufa njaa. Kule hawapo, na watu wanawataka. Chukua wa huku, peleka kule. Hesabu ya darasa la pili. Na kweli, kati ya 1912 na 1967 wapiti zaidi ya 13,500 waliondolewa Yellowstone wakiwa hai. Arizona, Colorado, Pennsylvania, hata Banff kule Kanada, wapiti wanaowaona leo wana damu ya Yellowstone.

Ila hesabu ya darasa la pili haina mnyama ndani yake.

Tuanze na kukamata. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoua.

Nendeni California. Kule yuko wapiti wa aina yake, mdogo kuliko wa milimani, aitwaye tule, kwa jina la mafunjo ya kwenye mabwawa alikoishi. Miaka ya 1870 alidhaniwa amekwisha. Wakaonekana wachache sana kwenye shamba la tajiri wa ng'ombe Henry Miller, upande wa Buttonwillow, na Miller akaamuru wasiguswe. Waliongezeka. Mwaka 1895 walihesabiwa 28, na miaka iliyofuata wakawa mamia, wakivunja uzio na kula alfalfa ya ng'ombe. Mwaka 1904 serikali ikaamua wahamishiwe hifadhi ya Sequoia, na mtaalamu aliyesimamia alikuwa C. Hart Merriam, bingwa wa mamalia wa enzi zake.

Wakafanya nini? Waliwaita wachunga ng'ombe hodari wa shamba lile, wapanda farasi wa kweli, wakawaambia: wazungukeni, wasukumeni hadi zizini. Kama ng'ombe.

Ndugu zangu, wapiti si ng'ombe. Ng'ombe ukimsukuma kutoka nyuma hubaki na wenzake, kundi likaenda mbele. Wapiti akihisi amezingirwa hugeuka, anamtazama mpanda farasi, anachagua nafasi kati ya farasi wawili, anapita. Akipita mmoja, kundi lote limepita. Zizi likabaki tupu. Wakabaki na kamba. Farasi kasi, kitanzi hewani, mnyama shingoni. Lakini ng'ombe akishavutwa na kamba hujua kushindwa, wapiti hajui. Anapigana na kamba mpaka shingo iteguke, au anaangushwa, anafungwa miguu, anaonekana mzima, na baada ya muda anakufa amelala bila jeraha. Walipoteza wanyama hivyo, na walioufikisha mguu Sequoia hawakudumu vizazi vingi. Kundi lile halipo leo.

Kwa nini anakufa bila jeraha? Jibu la kitaalamu lilichelewa miongo mingi, lakini ninyi mnalo na mlitumie. Mnyama aliyekimbizwa hadi mwisho wa nguvu hujaza misuli yake asidi. Joto la mwili linapanda. Misuli inavunjika, mabaki yake yanaingia kwenye damu na kuziba figo. Utamwona amekakamaa miguu, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Anaweza kufa saa ile, anaweza kufa wiki mbili baadaye, wakati wewe umekwisha kuandika ripoti kwamba kazi ilifanikiwa. Mnaelewa ninachosema? Ripoti iliandikwa. Mnyama alikufa baadaye.

Sasa njia iliyofaa ilikuwa ipi? Ilikuwa ileile njaa iliyowaua Jackson Hole. California yenyewe ilijifunza: mwaka 1914 walipojaribu tena waliacha mbio za farasi, wakawaacha wapiti waingie wenyewe kwenye alfalfa waliyoizoea, ndani ya uzio. Na Yellowstone ndivyo walivyofanya majira ya baridi, wapiti waliposhuka upande wa Gardiner, mji wa mpakani kaskazini ambako reli iliishia.

Nitaieleza hatua kwa hatua, maana kanuni zake hazijabadilika.

Kwanza, mtego haujengwi unapopataka wewe. Unajengwa mnyama anapopita. Unaweka majani makavu pale siku nyingi kabla ya kuchimba nguzo hata moja, kila siku saa ileile, mpaka nyayo zikueleze kwamba kundi limezoea. Kisha unajenga kidogo kidogo. Leo nguzo, keshokutwa upande mmoja wa uzio. Ukijenga zizi zima kwa siku moja, umejenga zizi la kuangalia.

Pili, uzio. Urefu usipungue mita 2.4, maana chini ya hapo dume anauruka. Waya mtupu haufai ndani, mnyama mwenye hofu hauoni, anauvaa kwa kichwa. Weka mbao au funika kwa magunia, ili aone ukuta. Na zizi lisiwe na kona. Hili wengi wanalipuuza. Kundi likishtuka hukimbilia kona, wa mbele wanakandamizwa na wa nyuma, ndama wanakufa chini. Zizi la mviringo linawageuza, wanazunguka, wanapoa.

Tatu, lango. Mtu amejificha mbali, upande ambao upepo hautoki kwake, ameshika waya mrefu. Mkosi mkubwa wa lango ni tamaa. Wameingia 15, wengine 10 wako mlangoni wanasita. Mshika waya anasema ngoja na hao. Katika kusubiri, jike mkubwa aliyetangulia anainua kichwa, ananusa, anageuka. Umekosa wote 25. Funga kwa 15.

Nne, baada ya kufunga, ondoka. Usiingie usiku ule. Waache wale, walale, waamke. Siku ya pili ndipo unawatenganisha, madume yenye pembe peke yao, ndama wasichanganywe na wakubwa, kwa njia nyembamba ambayo mnyama hawezi kugeuka ndani yake, hadi mlangoni mwa behewa.

Hiyo ndiyo kukamata. Mnaona palipo na mbio? Hapana. Aliyekamata vizuri hakukimbia.

Kuhusu behewa nitapita haraka, maana ni mambo ya kawaida ya usafirishaji wa mifugo ambayo maafisa wetu mnayajua. Pembe zikatwe, kwa sababu kazi ilifanyika katikati ya majira ya baridi, nazo zilikuwa bado hazijaanguka. Dume mmoja mwenye pembe ndani ya behewa atatoboa matumbo usiku kucha. Sakafu iwekwe mchanga na majani, mkojo wa siku mbili huifanya utelezi, na mnyama akianguka kati ya wenzake hainuki. Wasijazwe mno, na wasiachiwe nafasi mno, treni ikifunga breki wanarushwa. Sheria ya mifugo ya 1906 ilisema mnyama asikae ndani ya treni zaidi ya saa 28, au 36 mwenye mali akiomba kwa maandishi, bila kushushwa, kula, kunywa na kupumzika. Kwa ng'ombe ni sawa. Lakini mteremshe wapiti kwenye zizi la stesheni lenye uzio wa kimo cha kifua, uone kama utampandisha tena. Kwa hiyo chakula na maji vilipaswa kuwa ndani ya behewa tangu mwanzo.

Na zile tarehe nilizowaambia mzishike? Wapiti anakamatwa Januari au Februari. Jike alishika mimba Septemba. Hesabuni. Amepandishwa treni ana mimba ya miezi 4 au 5, amekonda kwa baridi. Ukimtesa njiani unapoteza wawili kwa mara moja, na ndama alikuwa ndiye faida yako yote ya mwaka wa kwanza.

Haya. Treni imefika. Bendi inapiga, watoto wa shule wamekuja, picha kwa gazeti. Behewa linafunguliwa. Wapiti wanatoka mbio, wanaingia msituni. Watu wanashangilia, wanarudi nyumbani.

Nani anabaki pale?

Hilo ndilo swali langu la leo, na mtalisikia tena. Nani anabaki pale?

Pennsylvania, mashariki, wapiti wake wa asili waliwindwa wakaisha katika karne ya 19. Mwaka 1913 tume ya wanyamapori ya jimbo ikaleta 50 kutoka Yellowstone kwa treni, kwa gharama ya kama dola 30 kwa kila mmoja. Nusu wakaachiwa wilaya ya Clinton, nusu Clearfield. Mwaka huohuo wakaongeza 22 kutoka shamba la mtu binafsi. Mwaka 1915 wakaja wengine 95 kutoka Yellowstone, wakagawanywa wilaya sita. Wachache wa mwisho miaka ya 1920. Jumla, hadi 1926, wapiti 177.

Fikirini jinsi walivyowagawanya. Kumi huku, kumi na kitu kule, kila wilaya ipate wake. Kisiasa ni hodari sana. Kimifugo ni makosa. Kikundi cha majike wanane na madume wawili: jangili akiua dume mmoja, mkulima akimpiga jike aliyeingia shambani, kundi limekwisha kabla ya kuanza. Na mashamba yalikuwa karibu. Wapiti alitoka kwenye mtego aliofundishwa kula majani ya binadamu, akasafirishwa kwa siku kadhaa akilishwa majani ya binadamu, akafunguliwa mahali asipoujua mlima wala mto. Ataenda wapi? Anakwenda kwenye majani ya binadamu. Wakulima wakalalamika. Wengine hawakulalamika, walichukua bunduki.

Na tume ikafungua msimu wa kuwinda mwaka 1923, madume wenye angalau ncha nne kwenye pembe moja. Wakati huo bado wanyama wengine wanaletwa! Huku unamimina, huku umetoboa ndoo. Msimu ulifungwa baada ya 1931 kwa sababu hapakuwa na wa kuwinda. Mwaka 1936 walihesabu tena. Mnadhani wangapi walikuwa wamebaki, wanafunzi? Semeni. Mia? Hamsini?

Kumi na wanne.

Waliletwa 177, wakabaki 14. Na hao 14 walikuwa wapi? Sehemu za wilaya za Elk na Cameron, milimani, mbali na mashamba. Hawakuokolewa na tume wala treni. Waliokolewa na ardhi mbaya kwa kilimo. Kundi lile leo limepita 1,000, na sehemu ya malisho yake yako juu ya machimbo ya makaa ya mawe yaliyofukiwa na kupandwa nyasi. Hakuna mpangaji wa 1913 aliyeliwaza hilo.

Sasa mtaniambia: labda walikuwa wachache mno. Sawa. Michigan, 1918, waliachiwa wapiti 7 karibu na Wolverine. Saba tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 1,500. Alaska je? Mwaka 1928 walikamatwa ndama 8 kwenye rasi ya Olympic, jimbo la Washington: madume 3, majike 5. Mwaka 1929 wakaachiwa kisiwa cha Afognak. Hadi 1965 walipita 1,200. Ndama wanane! Kisiwa kilikuwa na dubu, lakini hakikuwa na mashamba ya kuvamia, mbwamwitu wala watu wengi wenye bunduki. Na ndama hana kumbukumbu ya njia nyingine ya kumvuta arudi.

Kwa hiyo si idadi peke yake. Saba walijaza msitu wa Michigan, 177 walikaribia kuisha Pennsylvania. Kilichotofautisha kilikuwa ardhi ile na majirani wake. Hata Michigan wenyewe, walipolegeza macho, ujangili na kupungua kwa malisho vilishusha kundi hadi kama 200 mwaka 1975. Tena swali lilelile: nani alibaki pale?

Arizona nao mwaka 1913 walipokea 83 kutoka Yellowstone, wakaachiwa Cabin Draw karibu na kijito cha Chevelon. Leo jimbo lile lina makumi ya maelfu ya wapiti. Na mnajua walioshughulika kuwaleta? Tawi la Winslow la kile chama cha Elks, chama cha mnyororo wa saa na jino. Sisemi zaidi.

Nimetaja rasi ya Olympic, na hapa nina kipande kidogo kinachotuhusu sisi wa pwani. Rais Theodore Roosevelt aliitangaza sehemu ya rasi ile kuwa eneo la hifadhi tarehe 2 Machi 1909, siku mbili kabla ya kuondoka Ikulu, hasa kwa ajili ya wapiti waliopewa jina lake. Tarehe 21 Aprili mwaka uleule alishuka Mombasa na bunduki zake. Yeye na mwanawe Kermit waliwapiga wanyama 512 katika safari ile, na waliobeba mizigo na ngozi walikuwa wapagazi waliozungumza lugha tunayozungumza hapa. Mtu yuleyule, mwaka uleule. Wahifadhi wa mwanzo walikuwa hivyo, wawindaji wanaoogopa kwamba wanyama watakwisha. Huyohuyo mwaka 1905 alishiriki kupeleka wapiti New Zealand. Wakaachiwa 18 George Sound, katika nchi ambayo haijawahi kuwa na mnyama wa kwato wa asili. Walikula misitu isiyojua kuliwa, wakazaana na jamaa zao, paa wekundu walioletwa kutoka Uingereza kabla yao, na leo kumpata wapiti halisi pale ni kazi.

Na hilo linanifikisha kwenye jambo la mwisho, ambalo kwa macho halionekani.

Ukihamisha mnyama mmoja, umehamisha wangapi? Msinijibu mmoja.

Ndani yake kuna minyoo, kupe, bakteria. Na kule anakokwenda kuna wengine wanaomsubiri. Mashariki ya Marekani kuna paa mwenye mkia mweupe ambaye amezoeana na mnyoo mwembamba unaoishi kwenye utando wa ubongo wake. Haumdhuru. Mabuu hutoka na kinyesi, yanaingia kwenye konokono na koa, koa anamezwa pamoja na majani. Wapiti kutoka Yellowstone hakuwahi kukutana na mnyoo huo. Ukimwingia unapotea njia, unatoboa ubongo na uti wa mgongo. Mnyama anainamisha kichwa upande, anazunguka duara, anapoteza woga wa watu, anakufa. Watu wa 1913 waliona mzoga wakasema jangili au baridi. Watu wa Kentucky walipokuja, kati ya 1997 na 2002, kuleta wapiti zaidi ya 1,500 kutoka majimbo ya magharibi, mnyoo ulikuwa unajulikana, na bado uliwaua wengi.

Kwa upande wa pili, Yellowstone na Jackson Hole wenyewe walikuwa na ugonjwa wa kutupa mimba. Maafisa mifugo mnanitazama, mnaujua. Nyati wa Yellowstone waligunduliwa nao 1917, wapiti wa Jackson 1930. Ng'ombe ndio waliouleta, kisha wapiti wakawa tishio kwa ng'ombe. Walisambaza wapiti nchi nzima karibu miaka 20 kabla ya kujua walichobeba.

Na ugonjwa ule unaenea vizuri zaidi wapi? Pale wanaposimama bega kwa bega Februari na Machi, jike mmoja akitupa mimba juu ya theluji, wenzake wakainusa na kuilamba. Yaani kwenye majani ya kulishwa. Dola 20,000 zile za 1911.

Majani yenyewe yalikuwa na lake. Mwaka 1927 serikali ilimtuma Jackson Hole mtafiti Olaus Murie aeleze kwa nini wapiti wanakufa wakiwa wanalishwa. Alipasua mizoga, akafungua vinywa. Akakuta vidonda vilivyooza kwenye fizi na ulimi. Katika majani makavu mlikuwa na shayiri mwitu, nyasi yenye miiba laini kama nywele za mkia wa mbweha. Miiba ilichoma kinywa, bakteria wakaingia kwenye tundu, kinywa kikaoza, mnyama akashindwa kula akiwa juu ya lundo la chakula. Wengine walikufa na tumbo limejaa, kwa sababu nyingine: wapiti akishakonda kwa kula vijiti na magome, vijidudu vya tumbo lake la kucheua ni vya vijiti na magome. Ukimmwagia alfalfa nzuri ghafla, hana wa kumsagia. Alihitaji kuanzishwa wiki kadhaa kabla, kidogo kidogo, akiwa bado ana nguvu. Lakini nani analisha mnyama aliye na nguvu? Bajeti hutoka mizoga ikishaonekana.

Basi wakabadili majani. Wakaongeza ardhi. Mwaka 1975 wakaanza kumwaga alfalfa iliyosagwa na kugandishwa vipande vidogo. Magari yanapita kwenye theluji yakimwaga mistari, wapiti wanakuja kwa maelfu kufuata sauti ya injini. Lilikuwa jambo la dharura la majira mawili matatu ya baridi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, theluji ikiwa nzito Jackson Hole, gari la chakula bado linatoka asubuhi.

Nakushukuruni. Maswali nitayapokea, tuanze na maafisa mifugo, nimewaona mnaandika.